Siku Haji Mitwali Alipokataa Kuvuta

Mtu anayeanguka kutoka juu ya mtende hapigi kelele. Kelele hupigwa na walio karibu. Asubuhi ile ya mavuno, katika mitende ya kijiji cha Nagaa Shatura, ng'ambo ya magharibi ya mto Nili, aliyepiga kelele alikuwa Kinawi, mkwezi wa mti wa pili. "Badri!" Kisha kikaja kishindo kizito, kama gunia la ngano lililoteleza kutoka mgongoni mwa punda. Tende zilizofuatana naye ziliendelea kudondoka mojamoja vumbini.

Haji Mitwali alikuwa amekaa kivulini na glasi ya chai mkononi. Ukwezi alikwishauacha. Siku hizi kazi yake msimu wa mavuno ilikuwa kukaa chini na kukosoa. Ndiyo kwanza alikuwa amemaliza kumtukana mwanawe, ambaye alikuwa amelegeza mkanda wa kamba ili akifikie kichala cha upande wa pili.

"We Badri! Hicho kichala kina dhahabu? Kaza mkanda, mpumbavu wee!"

Na Badri akacheka huko juu. "Mzee, kunywa chai yako."

Hapo ndipo tako la kuti kavu alilokanyaga likakatika. Ile glasi ya chai hata sijui ilikwenda wapi. Haji alikimbia, mzee wa watu na magoti yake mabovu, akawapita vijana wote waliokuwa wamesimama kama waliopigwa na butwaa.

Sasa, huyu Haji Mitwali ni nani? Ni muunga mifupa. Tangu daraja la mfereji hadi ng'ambo ya mto, mtu akiteguka, akivunjika, akigeuka shingo, huletwa kwake: kwa punda, kwa pikipiki, hata kwa gari la polisi. Mikono ya watoto ameiunga kwa unga na ute wa yai na vijiti vya makuti, ikashika ikanyooka, wala hilo halina ubishi. Lakini kilichompa jina ni migongo. Mmoja ashike makwapa, mwingine ashike vifundo vya miguu, Haji aweke goti kiunoni, aseme "Bismillahi", kisha "Vuta!" Ka! Mtu huyo anasimama, anakwenda zake. Waliosimama walimwimbia sifa mpaka kwenye harusi. Wasiosimama walisema ni kudura ya Mungu, wakalala majumbani mwao, na mlango wa nyumba ukifungwa, hakuna aonaye ndani.

Badri alikuwa chali, macho wazi, uso umegeuka rangi ya jivu. Huyo ndiye mwana wa kiume pekee wa Haji, baada ya mabinti, na mke wa Badri alikuwa nyumbani na kichanga, arobaini haijatimia.

"Baba," alisema. "Mgongo."

"Nyamaza. Usiseme. Na nyie nyamazeni!" Haji aliwakemea watu waliokuwa wakikusanyika na la haula zao. Alipiga magoti. "Sogeza vidole vya miguu, mwanangu."

Vidole vikasogea. Vya kulia, vya kushoto, vyote. Watu wakashusha pumzi kwa pamoja, Kinawi akateremka mtini huku analia na kucheka, na Haji mwenyewe akahisi moyo wake ukirudi mahali pake. Miguu ipo. Mwenye miguu hajafa.

Ndipo akatokea Zanuba, mke wa Haji, anakimbia kutoka nyumbani na bakuli la mshtuko mikononi. Bakuli la shaba, limechongwa aya ndani na nje, vifunguo vidogo vinaning'inia ukingoni na kulia kila anapokanyaga. Lilikuwa la mama yake, na la bibi yake kabla ya hapo. Kila mtu pale alikuwa amelinywea utotoni.

"Mkalisheni!" alipiga ukelele. "Mkalisheni anywe, kabla hofu haijaingia kwenye uboho! Mnangoja nini?"

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Katika mitende ile, aliyeanguka haondolewi chini ya mti mpaka akalishwe na kunywa, la sivyo hofu hushuka mifupani na kukausha miguu. Haji alilijua hilo kama anavyoijua Fatiha. Yeye mwenyewe alipoanguka ujanani alikalishwa, akanywa, akainuka akatembea. Kwa hiyo ni yeye, si mwingine, aliyesema: "Kinawi, shika bega hilo. Taratibu. Haya, inua."

Wakainua. Haji aliweka kiganja chake kiunoni mwa mwanawe ili amtegemeze, na hawakufika hata nusu ya kumkalisha kabla Badri hajapiga yowe lililowafanya njiwa waruke kutoka kwenye mnara wao wa kufugiwa. Halafu yowe likakatika ghafla, na kilichofuata kilikuwa kibaya kuliko yowe.

"Baba," Badri alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo dogo. "Miguu yangu iko wapi?"

"Ndiyo hiyo! Hofu inashuka!" Zanuba alisukuma bakuli mbele. "Anywe, anywe upesi!"

Lakini Haji alikuwa ameganda. Chini ya kiganja chake, pale kiunoni, kitu kilikuwa kimecheza. Mfupa ulisogea nyuma, ukarudi, kama jino bovu linavyocheza kwenye ufizi. Amepapasa migongo maisha yake yote, na hicho hakuwa amewahi kukihisi. Au labda hakuwahi kukitafuta.

"Mlaze," alisema.

"Haji, maji bado—"

"Mlazeni chini! Polepole! Mlazeni nasema, wana wa mbwa nyie!"

Wakamlaza. Haji akaruka hadi miguuni, akafinya unyayo. "Unasikia?" Akafinya kwa kucha. "Hapa je?" Badri aliangalia juu, kwenye makuti, machozi yakimtiririkia masikioni. Hapana, baba. Hapana. Zanuba alianza kusoma aya. Kisha Badri akasema: "Kuna sisimizi. Kwenye mapaja. Wanatambaa wanashuka."

Kidole gumba cha mguu wa kulia kikatikisika. Wa kushoto ulikaa kama ulivyo, mweupe kwa vumbi, kama si wa mtu yeyote.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo Haji alipojikuta peke yake kati ya watu wake wote. Kinawi, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyemshikia wagonjwa miguu, alikuwa tayari amechutama na kuvikamata vifundo vya Badri. Hakuagizwa. Ilikuwa mazoea tu, kama mkono unavyokwenda mdomoni.

"Mimi tayari, Haji," alisema. "Toa amri tu."

"Achia miguu."

"Haji?"

"Achia, Kinawi, kabla sijakuvunja na wewe."

Kinawi aliachia kama aliyeshika kaa la moto. Watu walitazamana. Zanuba aliweka bakuli chini, akamkabili mumewe, na yule ni mwanamke ambaye hajawahi kumpandishia Haji sauti mbele za watu hata siku moja.

"Una nini wewe? Watoto wa watu umewavuta. Hata yule askari mlevi uliyeletewa na matapishi yake, ulimvuta. Wako unamtazama?"

"Zanuba, kaa kimya."

"Sikai! Mwangalie mguu wake! Mvute!"

Na si yeye tu. Wazee wawili walikuwa wameanza kutoa ushauri, kama kawaida ya wazee ambao mgongo si wao. Mmoja akanong'ona, na alinong'ona kwa sauti ya kusikika: "Ndiyo hivyo. Mganga hajigangi."

Yote hayo Haji angeyastahimili. Lililomkata maini ni Badri mwenyewe.

"Baba, vuta," alisema. "Mimi nakuamini. Si umesema mwenyewe? Mgongo ukivutwa ungali moto, unarudi. Ukishapoa, haurudi tena. Mimi napoa, baba. Nasikia napoa. Vuta."

Kweli, Haji alisema. Tena mara ngapi! Alisema kwenye harusi, kwenye matanga, kwenye kibanda cha chai: mgongo ni kama mkate, hukunjwa ungali moto. Watu walicheka, wakatikisa vichwa kwa hekima yake. Sasa maneno yale yalikuwa yamemrudia kupitia kinywa cha mwanawe, na kila pumzi iliyopita ilikuwa, kwa hesabu yake mwenyewe, pumzi ya kupoa.

"Mpe anachotaka, Haji," akasema yule mzee wa pili. "Mtoto akililia wembe, mpe."

"Mpe wako!" Haji alifoka. "Wangu simpi."

Kisha akainama, uso wake ukakaribia uso wa Badri, na akasema neno ambalo hakuna mtu wa Nagaa Shatura aliyewahi kulisikia kutoka kwake.

"Sijui, mwanangu."

"Hujui nini?"

"Sijui kilicho humo ndani. Mfupa umepasuka, vipande vinacheza. Nilivisikia kwa mkono huu. Nikivuta, sijui kipande kitakwenda wapi. Kikienda kule inakopita nguvu ya miguu..." 

Badri alimtazama. Hakuwa na kejeli, hakuwa na ubaya, alikuwa na maumivu tu. "Na wale wengine, baba, ulijua?"

 Haji alimgeukia Kinawi. "Piga simu. Waite ambulensi."

"Wewe, Haji? Uwaite wale?" Maana Haji huyu ndiye aliyekuwa akiwaita watu wa hospitali mafundi lipu.

"Piga, Kinawi! Au unataka nikuandikie barua?"

Kungoja ni kazi, jamani, asikudanganye mtu. Jua lilikuwa linapanda, na kivuli cha mtende kilianza kumkimbia Badri usoni. Watu walitaka kumsogeza kivulini. Haji alikataa. Walitaka kumwekea mto chini ya kichwa. Akakataa. Mwishowe alivua kilemba chake, akakifumua chote, kitambaa kirefu cheupe, akakikunja mafungu mawili na kuyabana pande zote za kichwa cha Badri ili kisigeuke. Akapiga magoti kando ya kichwa hicho, kichwa chake mwenyewe kikiwa wazi, kipara kinang'aa, na kwa mwili wake akafanya kivuli. Wanawake wakageuza nyuso. Mzee wa hadhi yake kukaa kichwa wazi mbele za watu, afadhali angevua viatu msikitini akaibiwa vyote viwili.

Zanuba alirudi na bakuli. "Basi anywe akiwa amelala. Kidogo tu."

"Atapaliwa. Akikohoa, mgongo utacheza. Mloweshe midomo, basi."

"Mitwali," alisema Zanuba. Hakusema Haji, hakusema baba Badri. "Mwanangu huyu akikaa chini maisha yake yote, usiniite tena mke wako."

Akachukua bakuli lake, vifunguo vikalia, akaenda kukaa mbali chini ya mti mwingine, mgongo ameugeuza.

Nzi walikuja. Haji aliwafukuza kwa mkono mmoja. Mguu wa kushoto ulikuwa vilevile. Kila mara alimwambia Badri, "Jaribu," na Badri akafumba macho, akakaza taya mpaka mishipa ya shingo ikatokeza, na mguu haukujibu. Wa kulia ulikuwa unajibu kwa uvivu. Je, unapoa? Je, ule usemi wake ulikuwa kweli, na yeye yuko hapa anamfukuzia nzi mtu ambaye yeye angeweza kumponya? Mikono yake ilikuwa inawasha. Mikono hiyo ilijua kazi moja tu. Mara moja, nakwambia kweli, mkono wa kulia ulishuka wenyewe ubavuni mwa Badri hadi kiunoni, na vidole vikaanza kutafuta mahali.

"Ndiyo, baba," Badri akanong'ona, macho yamefumba. "Ndiyo. Hapo hapo."

Haji aliunyakua mkono wake kama unavyomnyakua mtoto kwenye kisima. Akauweka chini ya goti lake, akaukalia. Changarawe zilimchoma, na aliacha zimchome. "Nisamehe," alisema, na hakuna aliyejua anamwomba nani.

Ving'ora vikasikika ng'ambo ya mfereji, kisha vikanyamaza, kwa sababu daraja lile ni la punda, si la magari. Wahudumu wawili walikuja kwa miguu kupitia mashamba, wamebeba ubao mrefu wa rangi ya machungwa. Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba aitwaye Mina, mwenye msalaba mdogo uliochanjwa kifundoni mwa mkono. Hakusalimia sana. Alimwangalia Badri, akamwangalia mzee mwenye kichwa wazi.

"Nani huyu?"

"Baba yake," alisema Kinawi. "Haji Mitwali."

"Mitwali? Yule Mitwali?" Uso wa kijana ulibadilika. "Umemvuta?"

"Sijamvuta."

"Haji, niambie kweli, mimi si polisi. Umemvuta?"

"Nimesema sijamvuta! Nilimkalisha. Miguu ikapotea. Nikamlaza, ukarudi mmoja."

Mina alifyonza, si kwa dharau, ila kama mtu anayepima mzigo. Alimvika Badri kola shingoni, akapapasa miguu, akauliza maswali mafupi. Kisha akasema: "Haya. Nahitaji watu wenye kusikia. Haji, wewe kaa kichwani. Wawili mabegani na nyongani, mmoja miguuni. Tunamgeuza ubavu kama gogo. Gogo halina kiuno, mmenielewa? Kichwa, mabega, nyonga, vyote safari moja. Ukitangulia na kichwa, Haji, utakuwa umemkata wewe. Unangoja nihesabu."

Miaka yote hiyo Haji ndiye aliyekuwa akisema "Vuta!" na wanaume wakavuta. Sasa alishika kichwa cha mwanawe kwa viganja viwili na kungoja hesabu ya kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

"Moja. Mbili. Tatu."

Wakamgeuza. Badri aliguna, hakupiga yowe. Ubao ukaingizwa, wakamrudisha juu yake, mikanda ikafungwa kifuani, nyongani, mapajani. "Miguu?" aliuliza Haji, kabla hata Mina hajauliza. Kidole gumba cha kulia kikatikisika. Kilikuwepo. Wakaubeba ubao kupita kwenye matuta na mitaro, na kila shimo ambalo Kinawi alikanyaga, Haji alimtukana yeye na ukoo wake, na Kinawi aliitikia, "Ndiyo, Haji. Samahani, Haji."

Hospitali ya mkoa ilikuwa na korido ndefu yenye harufu ya dawa, na Haji aliipita kichwa wazi. Kilemba kilibaki chini kule mitendeni, kimetapakaa vumbi na jasho. Daktari wa upasuaji, Nivin, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alimwita mbele ya picha iliyowashwa ukutani.

"Haji, hizi ni pingili za mgongo. Moja, nyingine, nyingine. Umeiona hii?"

Aliiona. Angeiona hata gizani. Ilikuwa ndiyo ile ile, mahali pale pale chini ya kiganja chake.

"Imepasuka pande zote, kama biskuti iliyokanyagwa. Migongo mingine huvunjika kidogo mbele tu, mfupa unabonyea, neva ziko salama. Hao tunawafunga mkanda mgumu kiunoni, miezi kadhaa, wanapona bila kisu. Mwanao si hivyo. Kipande hiki kimesukumwa nyuma, kinabana neva za miguu. Tutafungua, tutaziondolea neva mgandamizo, halafu tutaweka skrubu kwenye pingili za juu na za chini, na fito mbili za kuzishikanisha, ili ya katikati ipumzike iunge."

"Vijiti," alisema Haji.

"Vipi?"

"Vijiti viwili, huku na huku. Kama ninavyofunga mkono wa mtoto. Ila ninyi mnaviweka ndani ya nyama."

Daktari Nivin alimtazama. "Hasa," alisema.

 Swali moja Haji alikuwa amelibeba tangu kule mitendeni. "Angevutwa je?"

"Hiki kingemaliza safari yake." Aliweka ncha ya kalamu kwenye kipande. "Leo nisingekuwa na la kukueleza. Nani alimkalisha?"

"Mimi."

Kalamu ikaondoka kwenye picha. "Na nani alisema alazwe tena?"

"Mimi."

Daktari alivaa miwani, akaivua. Haji alingoja atukanwe, na angekubali kila neno. Hakutukanwa.

"Atatembea?" aliuliza.

"Sijui, Haji."

Neno lile lile. Alikuwa amelisema asubuhi na kuwaumiza watu nalo, na sasa alijua uzito wake kwa anayelipokea. Aliweka dole gumba kwenye karatasi za upasuaji, akaenda kukaa sakafuni mlangoni, ingawa benchi lilikuwepo.

Upasuaji ulikwisha salama. Lakini Badri alipozinduka mguu wa kushoto haukuwa na habari, na kesho yake asubuhi haukuwa na habari. Daktari Nivin alipitisha ncha ya ufunguo kwenye unyayo, akasema neva zilizobanwa huchukua muda wake, nyingine hurudi, nyingine hazirudi, tungoje. Haji aliitikia kwa kichwa. Akabaki amesimama ukutani, kwa sababu Badri alikuwa hamtazami. Hakumlaumu, hakusema neno baya. Alikuwa anatazama dari.

Zanuba alifika adhuhuri na mfuko wake mkubwa. Alimpita mumewe kama anavyopitwa mlinzi wa mlango. Alimbusu mwanawe paji la uso, akamweleza habari za kichanga, kwamba ananyonya kama ndama na ana kelele za babu yake. Kisha akatoa bakuli mfukoni. Vifunguo vikalia, na wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka. Akamimina maji ya chupa, akasoma alichosoma, akapeleka mkono chini ya shingo ya Badri.

"Asiinuliwe," alisema Haji kutoka ukutani.

Zanuba alibaki vile, mkono chini ya shingo, bakuli juu. Haji alifikiri atamrushia. Badala yake mabega yakamwanguka, ukali wote ukamtoka, akawa mama mzee tu aliyekuja na maji yasiyo na kazi. Akazunguka kitanda. Alifunua shuka miguuni, akachota maji kwa kiganja, na kuanza kuiosha ile miguu, wa kulia, kisha wa kushoto, polepole, katikati ya vidole, nyuma ya kisigino, hivyo hivyo wanavyooshwa wasioamka tena. Alikuwa analia bila sauti. Haji aligeuza uso, hakuweza kuangalia.

"Mama," alisema Badri. "Hayo maji umeyatoa kwenye barafu?"

Zanuba alisimamisha mkono. "Nini?"

"Ni baridi! Unanigandisha."

"Mguu upi? Badri, mguu upi?"

"Huo ulioushika! Si huo wa..."  Macho yake yakashuka kutoka darini, yakamtafuta mtu, na aliyemtafuta alikuwa baba yake. "Baba. Wa kushoto. Baba, njoo uone."

Haji hakujua alifikaje. Aliinama juu ya ule mguu uliolowa, mikono ameifumbata nyuma yake ili isije ikagusa kitu. "Kunja kidole," alisema. "Kidogo tu, mwanangu. Kidogo."

Kidole gumba kilisogea. Kidogo kweli, kama kope inavyocheza kwa aliyelala. Kikatulia. Kikasogea tena.

Bakuli liliponyoka mikononi mwa Zanuba, likapiga sakafu, vifunguo vikatawanyika chini ya vitanda, na muuguzi akaja mbio kuuliza nani kaanguka.  Haji Mitwali alikuwa amekaa chini kando ya kitanda, analia kwa sauti, kamasi na machozi, mzee mzima, na Badri alikuwa akimwambia, "Basi, baba. Basi, watu wanakuona."

Zanuba alijifuta uso kwa ncha ya shela. Akauvuta mfuko wake, akatafuta chini kabisa, chini ya mikate na tende, akatoa kilemba cheupe, kimefuliwa, kimekunjwa vizuri. Alikiokota chini ya mtende siku ile ile ya kwanza, ubao ulipoondoka.

"Vaa kilemba chako, Haji," alisema. "Hutembei mjini kichwa wazi kama mtu asiye na mke."